Sukari Adimu Si Sukari ya Dukani

Siku ya kwanza nilipoanza kazi, Mkuu wa Maabara alinikabidhi koti jeupe, akanionyesha vizimba vya panya, akasema, "Ndugu, hapa tunapima, hatutangazi." Laiti angeyashika maneno yake mwenyewe!

Ilikuwa enzi za Ujamaa, Morogoro mjini. Kila asubuhi nilipima vivimbe vya saratani vya wale panya kwa kipimo cha chuma chenye taya. Mtafiti Mwandamizi, mama mmoja mpole kutoka Bukoba, alikuwa akijaribu sukari adimu, yaani aina za sukari ambazo kwa asili hupatikana kwa uchache sana. Seli ya saratani ni mlafi. Hufakamia glukosi, sukari ya kawaida ya damu. Ukiipa sukari inayofanana na glukosi lakini isiyochomeka, huimeza vilevile, kisha ikakosa nguvu. Kwa baadhi ya panya uvimbe ulipunguza kasi ya kukua. Wengine walidhoofika wakafa. Tulikuwa tumefika hapo tu.

Lakini Mkuu alitaka sifa. "Wananchi wajue matunda ya utafiti," aliniamuru. "Panda milima ya Uluguru ukawaeleze."

"Mzee, bado ni panya."

"Panya ni mwanzo wa watu. Nenda."

Nikaenda. Katika kijiji kimoja cha misheni nilieleza mpaka koo likakauka. Watu wakaondoka na maneno mawili tu: sukari adimu. Na miaka ile, ni sukari gani isiyokuwa adimu? Ikifika duka la ushirika, foleni ilianza alfajiri.

Baada ya miezi kadhaa, muuguzi wa hospitali aliniambia kuwa Mama Koleta, mkulima wa kabichi wa kijiji kilekile, hakutokea siku ya kupasuliwa uvimbe wa titi. Nilipanda mlima huku nikijisemea ovyo njia nzima. Nilimkuta shambani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana sukari!" alijibu kwa furaha. "Nalamba asubuhi na jioni. Majirani wote wamenikung'utia makopo yao."

"Mama, siyo hiyo!"

"Si ulisema adimu?"

"Ile haiuzwi dukani. Na hata hiyo yenyewe hajapewa mtu bado."

"Panya wamepona?"

"Hapana. Baadhi wamechelewa kufa."

Alifuta udongo mikononi. "Sasa siku ile ulikuja kutuambia nini?"

Nilisema tu, "Siku ile nilitumwa. Leo nimekuja mwenyewe. Twende hospitali."

Alibadilisha kanga, tukateremka. Daktari wa upasuaji aliondoa titi na tezi za kwapani, akaniambia waziwazi kwamba angekuja siku aliyopangiwa, kazi ingekuwa nyepesi. Mama Koleta aliishi akamwona kitindamimba wake akifunga ndoa. Kisha ugonjwa ukarudi, ukamchukua. Miezi ile aliyolamba sukari ya dukani, najua ilipotea kwa kinywa cha nani.

Sasa nimestaafu, na wajukuu wananionyesha kwenye simu: leo sukari inaponya saratani, kesho ukiacha sukari saratani inakufa. Huwa nafoka mpaka mke wangu anafunga madirisha. Nasikia watafiti bado wanazichunguza sukari zile, pengine zisaidiane na dawa nyingine. Nawaombea heri, wapime taratibu.

Ila mgonjwa akija kwangu kuuliza habari za sukari, simwelezi seli wala glukosi. Namwuliza hospitali wamempangia lini. Kisha natafuta kofia yangu, tunaondoka pamoja.