Usukani wa Ngozi ya Ng'ombe

Fundi wa gereji pale Igoma alilegeza nati ya katikati, akaushika usukani kwa mikono miwili, akautikisa mara tatu ukatoka. Akauinua juu ili wenzake wauone.

"Mama, hiki kitu alikifunga nani? Hii si ngozi ya ng'ombe kabisa?"

Nikamwambia ndiyo, ya ng'ombe, tena dume. Wakacheka. Mmoja akasema gari la spoti likikaa sana Usukumani lazima liote ngozi. Fundi akautupa juu ya rundo la vyuma chakavu, akaenda kuchukua steringi mpya iliyokuwa bado ndani ya nailoni. Nami, mwanamke mzima wa miaka arobaini na kitu, mfanyabiashara wa dagaa niliyelala katika miji mingi hata mingine nimeisahau majina, nikajikuta napanda lile rundo na viatu vyangu vya safari ili niuokote kabla haujateleza kwenye oili.

Gari halikuwa langu. Lilikuwa la mwalimu, jirani yetu wa utotoni kule karibu na Bujora. Yeye alishatangulia mbele za haki. Mjane wake, ambaye mpaka leo namwita Mama Mwalimu, amempa gari hilo mjukuu wake wa kike, na mjukuu ametaka steringi mpya kabla hajaligusa. Mimi nilikuwa nimepita Mwanza kuchukua mzigo. Mama Mwalimu akanikabidhi funguo. "Wewe usiyetulia, lipeleke gereji. Angalau leo uende mahali na kurudi."

Ngoja nikusimulie gari hilo lilivyotufikia. Kwetu tulizoea baiskeli na malori ya pamba, yale yaliyopita msimu wa mavuno yakiacha nyuzi nyeupe kwenye vichaka vyote vya kando ya barabara. Siku moja likaja jekundu, fupi, milango miwili tu, limekaa chini kama linataka kunywa maji. Mwalimu aliachiwa na mdogo wake aliyekwenda kufanya kazi kwenye meli za ng'ambo. Taa zake za mbele hazikuonekana. Tulidhani halina. Jioni ile Mwalimu akabonyeza kitu ndani, na vifuniko viwili vikainuka polepole, macho mawili yakatutazama. Bibi yangu akatua ndoo ya maji chini. "Limeamka," akasema kwa sauti ndogo. Nimeona mengi tangu siku hiyo, lakini kushangaa kwa namna ile, mdomo wazi na miguu haiendi, nimeshangaa mara mbili tu maishani. Ya pili nitakuambia.

Sisi watoto tulilipa jina la Chura. Shida ya Chura ilikuwa usukani. Ulikuwa umechakaa, umebanduka, sehemu nyingine laini kama sabuni iliyokwisha, na jua likiwaka ulikuwa unaacha weusi viganjani. Mwalimu naye, tangu alipoanguka na pikipiki, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia havikuwa na nguvu. Ubaoni alikuwa anaandika kwa kushoto. Lakini garini dereva anakaa kulia na gia iko kushoto kwake, kwa hiyo kila mkono wake mzima ulipokwenda kwenye gia, ule mbovu ulibaki peke yake na usukani.

Siku moja tulitoka kununua samaki, Mwalimu na mkewe mbele, mimi nyuma na sato wawili miguuni. Kwenye kona karibu na nyumbani mkono wa kushoto ukaenda kwenye gia, wa kulia ukateleza kama umeshika kambare, na Chura akatupeleka moja kwa moja ndani ya matuta ya viazi vitamu ya babu yangu. Hakuna aliyeumia. Babu akatoka nje, akayatazama matuta, akatutazama sisi.

"Mwalimu, viazi vyangu vimekukosea nini?"

Mwalimu alijaribu kucheka, kikatoka kikohozi. Mama Mwalimu alikuwa ameshashuka, kanga imejaa udongo. "Gari hili linauzwa," akasema. "Kuna mtu wa mjini analitaka. Wiki mbili, liwe limeondoka hapa kabla halijaniacha mjane." Mwalimu alibaki ndani, amekamata usukani, anatazama mbele kama bado yuko barabarani. Hata mimi mtoto niliona kwamba likiondoka gari hilo, litaondoka na kitu chake ambacho hakitarudi. Tangu ile ajali ya pikipiki, ndani ya Chura palikuwa mahali pekee ambapo hakuna mtu aliyemwonea huruma.

Alihangaika wiki nzima. Steringi ya gari lile haikupatikana mji mzima. Fundi mmoja akamfungia ya pikapu, ikawa kubwa hata magoti hayapiti chini yake. Siku ya nane akaja kwetu na usukani wake wa zamani kwapani, kaufunga kwenye gazeti, mkewe nyuma yake amekunja uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kulipia viazi?"

Lazima nikuambie kuhusu babu yangu. Alikuwa mfungaji ngoma, mtu wa kuziwamba ngozi. Vikundi vya wachezaji vilimletea ngoma kutoka mbali, hasa kabla ya mashindano ya baada ya mavuno, na alikuwa mkali, mwenye majivuno, hamwamini mtu yeyote aliyevaa soksi. Gari hakuwahi kuligusa. Akaugeuza usukani, akaunusa. "Huu ni mpini tu," akasema. "Umekufa ngozi." Akamwita bibi asonge ugali, mgumu.

"Tumekuja kutengeneza gari au kula?" Mama Mwalimu akauliza.

Ugali wa muhogo na mtama ulipokuja, unatoa moshi, Babu akakata bonge akampa Mwalimu kwenye mkono ule wa kulia. "Kamata."

Mwalimu akakamata.

"Si hivyo. Kamata kama una njaa."

"Mzee, sisi kwetu Kagera tunakula ndizi," Mama Mwalimu akasema. "Huyo tonge hajui kulikamata hata akiwa mzima."

"Ndiyo maana anaangukia kwenye viazi," Babu akajibu, na hapo hata yeye mama akacheka.

Mwalimu alipofungua kiganja, Babu akalichukua lile tonge akalipeleka kwenye mwanga. Vidole vitatu vilikuwa vimezama. Viwili viligusa tu. Akarudia mara tatu, matonge matatu, akayapanga juu ya ungo, akayatazama muda mrefu. Usukani hakuupima kabisa. Alipima mkono.

Ngozi ilikuwa imeshalowekwa tangu juzi yake kwa ajili ya ngoma ya mtu. Akamkatia Mwalimu. Akaivisha mbichi kwenye lile duara, akaishona kwa kamba za ngozi hiyohiyo, mguu mmoja ameukanyagia kwenye usukani, meno yamekamata ncha ya kamba. Upande wa kulia, pale ambapo vile vidole viwili vingefika, akapitisha kamba mara nyingi zaidi, mpaka pakavimba mafundo mawili. Vidole visivyoweza kufuata usukani, usukani ukavifuata. Basi, hiyo ndiyo mara ya pili. Nilisimama pale na ndoo mkononi kama bibi yangu siku ile ya taa.

Ukaanikwa juu ya kichanja karibu na michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa. Harufu yake usiulize. Mbwa wa jirani wote walihamia kwetu. Kila asubuhi Babu aliugonga kwa ukucha wa dole gumba, akatega sikio. "Bado." Kesho yake akagonga tena. "Bado." Mama Mwalimu alikuwa anahesabu siku kwa sauti ili Babu asikie. Siku ya kumi na tatu ya zile wiki mbili, ukalia kama ubao. Babu akampa Mwalimu.

Masharti yalikuwa ya Mama Mwalimu: mpaka ziwani na kurudi, mkono ukiteleza mara moja tu, mtu wa mjini anaitwa. Tulikwenda wanne. Babu alikaa nyuma na mimi, magoti kidevuni, fimbo yake imetoka dirishani. Kila gia ilipobadilishwa, tuliacha kupumua. Mama Mwalimu hakutazama barabara hata kidogo, alitazama ule mkono. Kwenye ile kona nikafumba macho. Nilipofumbua, viazi vilikuwa nyuma yetu. Tukafika ziwani, mawe makubwa yamelala kwenye maji, nyavu za dagaa zimetandazwa mchangani zinang'aa, na Mwalimu akazima injini. Vile vidole viwili vilikuwa bado vimekaa kwenye mafundo yao. Mama Mwalimu akamfuta jasho kwa kanga.

"Rudi taratibu," akasema tu. Chura hakuuzwa.

Babu alikosea jambo moja, kosa la mfungaji ngoma. Ngoma ikilegea kwa mvua unaipeleka kwenye moto. Hakufikiria kwamba na gari litalegea. Masika yalipoanza ngozi ikawa tepetepe, na tangu hapo, kila masika, Mwalimu aliufungua usukani, akauingiza jikoni na kuuegemeza karibu na moto, huku mkewe akilalamika kwa miaka yote waliyoishi: "Watu wanaota moto, huyu anaotesha gari!" Naye alikuwa anaugonga kwa ukucha. "Bado, mama. Bado."

Basi nikaendesha kutoka Igoma kwenda Buswelu, anakoishi sasa Mama Mwalimu. Steringi mpya ni nyepesi, safi, haina harufu. Haimjui mtu. Jicho moja la Chura haliinuki tena. Kichanja kile hakipo, matuta yale yamekuwa nyumba za bati, malori ya pamba sijayaona siku nyingi, na kazi ya Babu hakuna aliyeirithi kwetu. Mimi ndiye niliyemkaribia zaidi, na mimi niliondoka.

Mvua ilikuwa inanyesha. Mama Mwalimu alikuwa amechutama kwenye jiko la mkaa, amebandika maharage. Nikamwambia gari liko tayari. Kisha nikatoa ule usukani kwenye mfuko. Nilikuwa naogopa kidogo, sikujua kama angetaka kuuona.

Akaupokea. Akapitisha vidole polepole, akayafikia yale mafundo mawili, akaweka vidole vyake viwili hapo. Vilikuwa vidogo, havikujaza.

"Umelegea," akasema. "Mvua."

Akasogeza sufuria pembeni, akauegemeza usukani karibu na jiko, akakaa. Baada ya muda akaugonga kwa ukucha wa dole gumba, akatega sikio.

"Bado," akasema, akaugeuza upande wa pili.