Mke Mwenza wa Chuma

Sonara ana mashine kuukuu inayofyonza hewa kwenye kalibu, ili dhahabu iliyoyeyuka ijae mpaka kwenye nakshi ndogo kabisa. Mkewe huiita mke mwenza, maana kila asubuhi mzee huanza na hiyo: hupangusa mfuniko, huupaka mpira wake mafuta kwa ncha ya kidole, kisha huulazia shavu kusikiliza kama unavuja. "Umeamkaje, bibi?" huiuliza. "Na mimi niliyekupikia chai?" hudakia mkewe. "Wewe huvuji." Mtu mwingine akiigusa, ataka ugomvi. Lakini siku mzee alipoyeyusha hereni za marehemu mama yake, zifanywe pete ya binti yao anayeolewa kesho yake, mshale wa kipimo cha hewa ulianza kushuka. Bomba la kufyonzea limepasuka, na dhahabu keshaanza kuimimina. "Mama watoto, ziba hapo!" Mkewe akaziba kwa kidole gumba, akabana na pumzi, utadhani yeye ndiye mashine. Mshale ukapanda, dhahabu ikajaa sawasawa. Mzee hata kalibu hakuitazama. Alikishika kile kidole kilichofyonzwa kikawa chekundu, akakipuliza taratibu. "Kinauma?" "Sana," akajibu mkewe, na wala hakikuwa kikiuma.