Mwenye Chungu Aonje Kwanza

Ofisi ya uchapaji ya parokia ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, Ngara mjini, na dirisha lake tulilifunga mchana kutwa kwa ajili ya vumbi. Malori ya misaada yalipita tangu asubuhi kuelekea makambini, upande wa Kasulo, na vumbi jekundu liliingia kila mahali: kwenye chai, kwenye nywele, kwenye mashine. Kompyuta yenyewe tuliipata kwa sababu ya malori hayo. Shirika moja la misaada liliipa parokia wakati wakimbizi walipokuwa wengi kuliko wenyeji, ili tuchape matangazo. Wakimbizi wa Rwanda waliporudi kwao, matangazo yakapungua. Mashine ikabaki, nami nikabaki nayo.

Ilikuwa ya zamani hata kwa siku zile. Ukiiwasha, skrini inakuwa nyeusi na alama ndogo inapepesa ikingoja amri. Hakuna picha, hakuna kipanya. Unaandika neno, unabonyeza, inatii au inakataa. Mimi niliipenda kwa sababu haikuwahi kuniambia jambo ambalo sikuliuliza.

Kazi kubwa iliyokuwa ndani yake ni kitabu cha nyimbo za msibani. Ni nyimbo za Kihangaza, ambazo wanawake wa Kanazi waliziimba kabla kwaya hazijapata vinanda. Waliozijua walikuwa wazee na walizidi kupungua. Mjane mmoja wa huko, aliyefundisha kwaya maisha yake yote na ambaye parokia nzima tulimwita Mama tu, aliamua zichapwe kabla hajabaki peke yake. Alikuja siku za gulio, akauza ndizi zake kwanza, kisha akaja kukaa kwenye kigoda karibu na mlango na kuniimbia. Mimi nilijifunza nota seminarini kabla sijaacha masomo. Aliimba mstari, nikaandika maneno, na juu ya kila silabi nikaweka nota yake: d, r, m, s. Kwenye skrini ile nyeusi kila herufi ilichukua nafasi sawa na mwenzake, hata nafasi tupu, kwa hiyo nota ukiipanga juu ya silabi inakaa hapohapo.

Safari moja tulihifadhi nyimbo kadhaa kwenye disketi, nikazifuta katika mashine ili kupata nafasi. Vumbi likaingia kwenye disketi. Ilipokataa kufunguka, Mama hakunilaumu, alianza kuimba upya. Alipofika kwenye wimbo wa sauti mbili akanyamaza. Sauti ya pili ilikuwa ya rafiki yake, na rafiki huyo tulikuwa tumemzika.

"Siijui," alisema. "Nimeimba naye miaka yote, sikuwahi kuisikiliza. Nilikuwa nasikiliza yangu."

Wimbo ule una sauti moja mpaka leo.

Kwa hiyo fundi alipokuja na furushi la disketi zilizofungwa kwa mpira, akisema analeta mfumo mpya wa kompyuta, nilimpa kiti lakini sikumpa nafasi mbele ya mashine. Alikuwa kijana kutoka Mwanza, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni, ameajiriwa na shirika lilelile. Alituletea soda. Jambo hilo nalo sikulipenda. Katika miaka ile tulijifunza kwamba mtu wa shirika akija na soda, kuna mti utakatwa au kuna watu watahamishwa.

Nilimuuliza maswali yangu kwa mpangilio. Nani kakutuma? Ofisi yake. Kwa nini sasa? Shirika linafunga kazi mwisho wa mwezi, na mashine zote lilizozitoa zinatakiwa ziachwe zikiwa na mfumo mpya. Tukikataa? Aliinua mabega.

"Mkikataa, nikishaondoka hakuna wa kuwasaidia. Na printa mpya mtaikosa. Ile haielewani na mfumo huu wenu."

Hapo alinigusa. Printa yetu ilichapa kwa utepe wa wino, na utepe ulikuwa umechakaa. Tuliulizia mwingine Biharamulo, tukaagiza na Mwanza, haukupatikana. Ukurasa ulitoka na rangi ya majivu; ukiuweka juani husomi kitu. Kitabu cha Mama kilikuwa kimekamilika ndani ya mashine na hakikuwa na njia ya kutoka.

Nilimwambia arudi siku ya gulio, mwenye nyimbo akiwepo.

"Shikamoo, Mama," fundi alisema siku hiyo.

"Marahaba, baba. Ni wewe unayetaka kubomoa nyumba ya nyimbo zangu?"

"Sibomoi, Mama. Naiboresha tu."

"Aliyechukua shamba la marehemu mume wangu naye alisema anapima tu."

Fundi alicheka peke yake. Akaeleza kwa upole kwamba hakuna kitakachopotea, nyimbo zote zitafunguka kama zilivyo, na kwamba atatunza nakala kwenye disketi. Neno disketi halikumsaidia. Mama akamuuliza, "Kwenu, pombe ikiletwa, nani anaonja kwanza?"

"Mimi sinywi, Mama. Nimeokoka."

"Basi uji, baba. Usinikimbie."

Nikamweleza yule kijana desturi yetu, maana nilimwona amechanganyikiwa. Huku, mtu akikukaribisha pombe ya ndizi, mwenye chungu ndiye anayetangulia kunywa, mbele yako, ukimwona koo linavyoshuka. Hapo ndipo mrija unakufikia wewe. Hata ndugu na ndugu hufanya hivyo, na hakuna anayekasirika. Anayekasirika ndiye wa kuogopwa.

"Kumbe hilo tu!" alisema fundi. "Nimeshaonja siku nyingi. Kompyuta yangu ya ofisini inatumia mfumo huu mwaka mzima. Twendeni mkaone."

Tulipanda gari lake mpaka Kasulo, Mama mbele na kikapu chake magotini, mimi nyuma na vumbi. Ofisini fundi aliwasha mashine, na skrini ikaonyesha anga la bluu lenye mawingu. Mama aliinama akayakagua mawingu yale kama mtu anayenunua kitenge.

"Hii ilikuwa nyeusi kama yetu, ukaibadilisha?"

"Hapana, Mama. Hii ilitoka kiwandani na mfumo wake."

"Basi chungu ulichoonja si hiki."

Dereva aliyesimama mlangoni aliangua kicheko. Fundi akainamisha uso. Nami nikaona aibu kidogo, maana nilikuwa nimemwuliza maswali yote isipokuwa hilo.

Kulikuwa na mashine nyingine hapo jirani, kwenye bohari la chakula la shirika, pacha wa yetu, iliyoletwa kwa lori moja na yetu. Ilikuwa bado na mfumo wa zamani, na ndani yake mlikuwa na taarifa za bohari. Mama aliionyesha kwa kidole. Fundi alisema sawa, ataibadilisha kesho mbele ya macho yetu. Lakini kesho yake tulipofika, nilikuta amekwisha kunakili taarifa zake zote kwenye disketi, kisha akanakili tena kwenye disketi nyingine, na zote amezifungia kabatini.

"Si ulisema hakuna kinachopotea?" nilimuuliza.

"Huo ni utaratibu tu."

"Utaratibu wa mtu anayeogopa," alisema Mama, akakaa juu ya gunia la mahindi.

Kazi ilichukua mchana. Aliingiza disketi moja baada ya nyingine, mashine ikaguna, na kila ilipokaa kimya muda mrefu tulitazamana. Mwishowe mawingu yakatokea. Mimi nilikuwa nimebeba wimbo mmoja kwenye disketi, nimeifunga kwa nailoni, kisha kwa kitambaa. Fundi akaufungua. Maneno yalikuwepo, nota zilikuwepo, hakuna herufi iliyopungua. Akauchapa kwenye printa mpya, na karatasi ikatoka nyeusi na safi kiasi kwamba nilitaka kukubali palepale.

"Hesabuni wenyewe," alisema. "Herufi zote zipo."

Mama hakuhesabu. Alivaa miwani, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaimba kama ilivyoandikwa.

Ulikuwa wimbo wa kumsindikiza mzazi kaburini. Unaanza chini, unatembea polepole, na unapanda mara moja tu, mwishoni, kwenye neno la kuaga. Sasa ulipanda kwenye neno la kwanza, ukaanguka, ukapanda tena katikati bila sababu, na neno la kuaga likabaki halina nota kabisa, Mama akalitamka kama anayeita mbuzi. Wapagazi waliokuwa wakipanga magunia walianza kucheka. Mmoja akapiga kelele, "Mama, mnada umefunguliwa?"

Fundi naye alikuwa mwanakwaya kanisani kwao. Alikunja uso.

"Mama, mbona unauimba hivyo?"

"Naimba ulichoniandikia, baba."

Nikaichukua karatasi na kuona kilichotokea. Katika mfumo mpya herufi hazikulingana unene. Nyembamba ilichukua nafasi ndogo, nene ikajitanua, na nafasi tupu zilibanwa. Kwa hiyo mstari wa nota ulikuwa umeteleza juu ya mstari wa maneno, kama kifuniko kilichokaa upande. Hakuna kilichopotea, ni kweli. Lakini huo haukuwa tena wimbo wa mtu yeyote. Niliwaza kitabu kizima kikichapwa hivyo, kizuri na cheusi, halafu vijana wa miaka ijayo wakijifunza humo na kuamini kwamba bibi zao walilia namna ile.

Kusema haki, fundi hakubisha. Alirudi kwenye mashine akatafuta miongoni mwa miandiko iliyokuwemo, mmoja baada ya mwingine, jasho likimtoka, hadi akaupata mmoja unaofanana na wa taipureta, ambao herufi zake zote zina upana mmoja. Nota zikarudi juu ya silabi zake. Akachapa tena, akampa Mama karatasi.

Mama aliimba. Sauti ilitembea chini chini na kupanda pale inapopaswa kupanda. Yule mpagazi aliyeuliza habari za mnada alivua kofia.

"Sasa, Mama," fundi alisema, "kesho nije nibadilishe ya kwenu?"

"Wimbo mmoja ni funda moja. Nyimbo nyingine zote zimebaki."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilizinakili nyimbo kidogo kidogo, bila kuzifuta ndani ya mashine yetu. Kila asubuhi tulikwenda Kasulo. Fundi alifungua wimbo, akarekebisha mwandiko, akachapa, na Mama akauimba wote juu ya gunia lake kabla ukurasa haujawekwa kwenye rundo. Mahali palipoteleza alisimama katikati ya neno na kurudisha karatasi. Fundi alianza kuzijua. Mwisho alikuwa akiitikia kiitikio kwa Kihangaza cha kubahatisha, na wapagazi wakimtania kwamba atazikwa Kanazi.

Wimbo wa mwisho ulipowekwa kwenye rundo, alinyoosha mgongo. "Haya. Naja kwenu lini?"

"Kufanya nini?" aliuliza Mama.

"Kubadilisha mfumo."

Mama aliligonga rundo kwa kiganja. "Kitabu si hiki?"

Fundi alinitazama mimi. Mimi niliitazama printa.

"Mama, umenichezea!"

"Sikukuchezea, baba. Ulitukaribisha, ukaonja, tukanywa, tumeshukuru. Cha kwetu hatujakifungua, na kiu imekwisha."

Paroko aliponiuliza uamuzi, nilimwambia mashine ibaki kama ilivyo. Fundi aliandika kwamba tumekataa, akaondoka na malori ya mwisho ya shirika, na printa mpya ikapelekwa kwingine. Wapo walioniona mjinga. Huenda nilikuwa. Lakini ndani ya ile skrini nyeusi nyimbo ziliendelea kukaa mahali pake, na hicho ndicho nilichokuwa nimeajiriwa kulinda.

Kitabu kilitumika kwa mara ya kwanza Kanazi, kwenye mazishi ya mmoja wa wale wazee walioimba zamani. Wanakwaya vijana walishika nakala zake za fotokopi, wawili wawili. Nilisimama karibu na Mama. Hakuwatazama wanakwaya wala jeneza. Alikuwa ameinama juu ya ukurasa, kidole chake kikitembea chini ya nota, moja baada ya nyingine, na walipofika kwenye neno la kuaga alikibana hapo mpaka sauti ilipopanda. Ndipo akafunua ukurasa uliofuata, na kidole kikaanza upya.