Moyo Mzima Unaouma

Wiki iliyopita nilikuwa zahanati ya kijiji cha ujamaa huko Misungwi, ambako daktari wa moyo kutoka Mwanza alikuwa akifanya utafiti. Zamu ya bibi mmoja ikafika.

"Shikamoo, mama. Moyo unauma?"

"Marahaba. Unauma tangu tuhamie huku, tukaliacha kaburi la mume wangu."

Daktari akampima kifuani, akarudia mgongoni.

"Moyo wako mzima kabisa, mama."

Bibi akaweka kiganja kifuani. "Basi, mwanangu, hapa panauma nini?"

Daktari akaiweka kalamu mezani.

"Kaburi liko mbali?"

"Kutwa nzima kwa miguu."

Akampakia kwenye Landrova, wakaondoka. Tuliobaki kwenye foleni hatukujua kama utafiti umekwisha au ndiyo kwanza umeanza.