Kadi ya Mwaka na Sentimita Mbili

“Mwaka mzima?” Bi Vifungo alitema kipande cha uzi alichokuwa amekiuma. “Yaani ukabinuliwe huko juu, miguu mbinguni, kichwa ardhini kama popo, halafu siku moja isikutoshe? Ulipie mwaka mzima?”

“Mwaka mzima,” akajibu Mama Pima, bila kuinua macho kwenye cherehani. “Wewe ukinunua kiatu, unanunua cha hatua moja?”

“Kiatu nakivaa!”

“Na mimi kadi nitaivaa. Shingoni. Tena dada, sasa hivi saa nane. Dirisha la kadi linafungwa saa kumi. Ugomvi wako una saa mbili tu, utumie vizuri.”

Bi Vifungo alichukua shati lingine la shule akalichoma sindano kana kwamba shati ndilo lililomtukana. Miaka thelathini na mmoja walikuwa wamekaa hivyo ndani ya chumba kile kimoja cha kushonea sare: mdogo kwenye cherehani, mkubwa kwenye kiti cha pembeni na kopo la vifungo mapajani. Watu walikwisha sahau majina yao ya kuzaliwa. Mkubwa akawa Bi Vifungo. Mdogo akawa Mama Pima, maana hakuna kitu ambacho hajakipima. Alipima watoto wa mtaa, akapima baba zao, akapima paka wa jirani, na wapo wanaoapa kwamba siku moja aliupima ukimya wa wateja wenye deni akaukuta una mita saba.

Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, ufupi wa kuheshimika. Akikaa kwenye cherehani huweka mto, na juu ya mto mto mwingine, na bado mteja akiingia huisalimu mashine kwanza.

Fujo yote ililetwa na dirisha la chumba hicho. Kupitia dirisha lile, Mama Pima alikuwa ameangalia bustani ya michezo ikijengwa ng’ambo ya barabara, ukuta kwa ukuta, bembea kwa bembea. Lakini kilichomtia wazimu ni Joka: gari la reli lenye viti ishirini na nne, linalopanda taratibu mpaka kunguru wanalipisha njia, halafu linaanguka, linapinduka mara tatu, na kurudi likiwa na abiria wale wale ila nywele tofauti. Miaka miwili aliwaangalia mafundi wakilikaza nati moja moja. Alhamisi linaanza kazi. Na tangazo lilisema hivi: watu mia moja wa kwanza wenye kadi ya mwaka ndio watakaopanda siku hiyo. Zilikuwa zimebaki kadi chache, na leo ndiyo mwisho.

“Umeuliza lakini?” Bi Vifungo akaanza upya. “Au umeona mapicha tu ukapagawa? Fundi Soli wa viatu alinunua kadi kama hiyo mwaka jana, bembea ndogo zilipofunguliwa. Alikwenda mara ngapi? Mara mbili! Mpaka leo akiona ile kadi machozi yanamlengalenga.”

“Nimemwuliza yeye huyo huyo, shule bora ni aliyekwisha kuungua.” Mama Pima alisimamisha cherehani, ishara kwamba sasa maneno yanaanza. “La kwanza, Fundi Soli hakujua kwamba mwaka unahesabiwa tangu siku ya kununua, si siku ya kuingia. Alinunua mvua zinaanza. Bembea zikafunikwa maturubai wiki tisa zifanyiwe matengenezo, na kadi inakula siku zake kimya kimya. Mimi nanunua mvua zimekwisha. La pili, alidhani kadi ni ya familia. Akampa mkewe, kumbe kadi ina picha. Mlinzi akaangalia picha, akamwangalia mama wa watu, akamwuliza, ‘Shikamoo mama, ndevu umeziacha wapi?’”

Bi Vifungo alicheka kabla hajajizuia, kisha akakunja uso haraka kurudisha ugomvi mahali pake.

“Maji na chakula?”

“Havimo. Nitakula nyumbani. Anayekwenda kupinduliwa mara tatu akale nini huko?”

“Na siku zenyewe? Hapo ndipo walipokuibia!” Bi Vifungo aliinyakua karatasi ya masharti juu ya meza akaiinua kama hakimu. “Nimesomewa na binti wa duka la dawa neno kwa neno. Hiyo kadi ya bei nafuu haifanyi kazi siku za wikendi. Haifanyi kazi shule zikifungwa. Haifanyi kazi sikukuu. Sasa hiyo ni kadi au ni adhabu? Wanakuuzia siku ambazo hakuna anayezitaka!”

Mama Pima alishuka kwenye mito yake miwili, akasimama katikati ya chumba, tepu yake ikiwa shingoni kama siku zote na mkasi mkubwa wa chuma ukining’inia kwenye ncha. Ndivyo alivyofanya kazi. Aliwahi kupoteza mikasi mitatu chini ya marundo ya vitambaa, basi wa nne akaufunga kwenye tundu la mwisho la tepu, na tangu hapo haukupotea. Ulikuwa mkasi mzito, wa kuogopwa hata na mwizi.

“Dada,” alisema taratibu, “shule zikifungwa, mimi nakuwa wapi?”

“Hapa.”

“Nafanya nini?”

“Unashona sare za muhula ujao.”

“Wikendi?”

“Wateja.”

“Basi hizo siku walizozifunga wao, mimi nilikwisha kuzifunga miaka thelathini na mmoja iliyopita! Zinanifaa nini? Jumanne ya katikati ya muhula, watoto wako darasani, wazazi wako kazini, bustani nzima haina foleni. Joka zima linamngoja nani? Mimi! Hii kadi haikutengenezewa watu, dada. Imetengenezewa mshona sare!”

Hilo lilimuudhi Bi Vifungo zaidi. Maana sababu yake ya kweli haikuwa mvua, wala picha, wala siku zilizofungwa. Ilikuwa hizo Jumanne. Atakaa na nani? Atagombana na nani, na vifungo?

Ndipo jicho lake likaangukia mstari wa mwisho wa karatasi, wenye mchoro wa mtu na mshale pembeni. Huo hakuhitaji kusomewa.

“Na hapa?” akauliza. “Hapa pameandikwa sentimita mia moja arobaini. Aliyepungua hapo hapandi Joka. Wewe mpima watu, umejipima?”

Cherehani ilijifanya haijasikia.

Mama Pima alikuwa amepima mtaa mzima, ila hakuwahi kujipima mwenyewe. Alivua viatu, akasimama kwenye fremu ya mlango, akanyoosha shingo mpaka mishipa ikatoka. “Pima.”

Bi Vifungo alimwekea daftari kichwani, akachora kwa chaki, akateremsha tepu mpaka sakafuni. Akapima mara ya pili. “Mia moja thelathini na nane.”

“Rudia.”

“Nimerudia.”

“Nywele je?”

“Pamoja na nywele.”

Mama Pima hakulia. Laiti angelia. Alivaa viatu vyake, akapanda mito yake miwili, akakanyaga cherehani. “Si kitu,” akasema. “Joka lenyewe lina kelele. Dada, nichoree mikanda ya sketi, mita moja moja, nimalizie.”

Bi Vifungo alikuwa ameshinda. Na ushindi ule, wacha nikwambie, ulikuwa mchungu kama kidonge kilichokwama kooni. Alimwangalia mdogo wake mgongoni akamwona akiwa na miaka sita, uwanjani, siku ilipokuja ile bembea ya kuzungushwa kwa mkono. Mwenye bembea alisema huyu mkubwa apande, huyu mdogo bado, arudi akikua. Mkubwa akapanda. Mdogo akabaki chini ameshika kandambili za dada yake kifuani, akimpungia mkono kila anapopita. Bembea haikurudi tena.

Alichukua chaki. Tepu alikuwa ameirudisha shingoni mwa mwenyewe, na hakutaka kumsogelea usoni. Akauvuta ubao wa mita uliokuwa ukishikilia dirisha lisijifunge, ubao waliopewa bure na muuza vitambaa enzi hizo, ambao kazi yake pekee ilikuwa hiyo ya dirisha. Akachora mkanda. Akauweka juu ya mkanda mwingine uliokatwa asubuhi kwa tepu.

Haukulingana. Ule wa asubuhi ulizidi kwa upana wa vidole viwili hivi.

Akakunja uso. Akaenda nyuma ya mdogo wake, akasema “nipe hiyo,” akaivua tepu pamoja na mkasi wake, akailaza kando ya ubao. Ubao ulipofika mia moja, tepu ilikuwa ndiyo kwanza inasoma tisini na saba na nusu.

Bi Vifungo hakwenda shule, lakini mtu anayehesabu vifungo tangu ujana hadanganywi na namba. Akachukua zipu mpya ndani ya karatasi yake ya kiwandani, iliyoandikwa ishirini. Ubao ukasema ishirini. Tepu ikasema kumi na tisa na nusu. Akautazama ule mkasi. Miaka tisa ulikuwa unaning’inia pale, mchana na usiku, ukiivuta tepu kama mtoto anayemvuta mama yake sketi.

Tepu imerefuka! Na tepu iliyorefuka humsoma mtu mfupi kuliko alivyo.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kuurudisha ubao dirishani, akakaa, akashona kifungo, saa kumi ikafika, dirisha la kadi likafungwa, na kila Jumanne ya maisha yao ikabaki kama ilivyo. Alishika ule ubao kwa muda ambao chai ingepoa.

“Hebu shuka hapo,” akasema mwishowe, kwa sauti ya ugomvi maana nyingine hakuwa nayo. “Vua viatu. Simama mlangoni.”

“Dada, niache.”

“Simama mlangoni, wewe mtoto! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!”

Mama Pima akasimama. Bi Vifungo akaweka ubao kutoka sakafuni, akatia alama ya mita ya kwanza, akaupandisha, akaufikisha kwenye ile chaki ya mwanzo. Akahesabu vistari kwa ukucha. Akahesabu tena.

“Mia moja arobaini na moja,” akasema. “Na nusu.”

“Unanihurumia.”

“Nikuhurumie mimi? Lini umeniona nikikuhurumia? Njoo uone hapa! Tepu yako imevutika, imenyooka kama ulimi wa mbwa mwenye kiu! Mkasi wako huo ndio mchawi!”

Mama Pima aliweka zipu kando ya tepu. Aliweka zipu kando ya ubao. Kisha alipiga kigelegele ambacho, kwa mujibu wa waliokuwepo, kilisimamisha magari manne barabarani na kumwamsha mlinzi wa benki. Alimkumbatia dada yake kiunoni, ndipo mikono ilipofikia, akamzungusha, kopo la vifungo likaruka, vifungo vikamiminika sakafuni kama mvua ya mawe.

“Kikulacho ki nguoni mwako, dada! Tena shingoni! Na nusu? Umesema na nusu?”

“Na nusu! Nimehesabu vistari mara mbili!”

“Saa ngapi?”

“Saa tisa na robo. Kiko wapi kitambulisho chako? Chana nywele, watakupiga picha, usije ukakaa mwaka mzima na sura ya mtu aliyetoroka!”

Mama Pima alikuwa tayari ameifunika cherehani, mkono mmoja ndani ya koti, alipoganda ghafla.

“Dada. Kama tepu imerefuka…”

“Enhe?”

“Wale niliowapima hapa kwa tepu hii na kukata kwa tepu hii, nguo zimewakaa. Lakini wale wa shule kubwa, ambao mwalimu mkuu hupima mwenyewe huko kwake na kutuletea orodha ya namba…”

Bi Vifungo alishika shavu. Waliangaliana. Miaka yote hiyo watu wanasifu, sare za Mama Pima hudumu, mtoto anakulia ndani yake! Miaka yote hiyo shule nzima inatembea imeshika suruali kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono wa pili!

“Mahema,” Bi Vifungo akasema.

“Watoto mia tatu.”

“Ndani ya mahema! Ndiyo maana siku ya upepo hawachezi mpira!”

Wakacheka mpaka Mama Pima akakaa sakafuni juu ya vifungo, akashika mbavu, akiomba msaada. Bi Vifungo alijifuta machozi kwa shati la mteja. Kisha, huku akijifanya anaokota kifungo chini ya meza ili uso usionekane, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya uzi:

“Hivi kwenye ile karatasi… binti wa duka la dawa alisoma pia kwamba mwenye kadi anaruhusiwa kuingia na mwenzake bure, mara nne kwa mwaka. Huyo mwenzake, lazima awe mtu wa namna gani?”

Mama Pima aliacha kucheka. Akainama, akachungulia chini ya meza mpaka macho yao yakakutana.

“Lazima awe mtu mgomvi,” akasema. “Tena mrefu, wa kunishikia kandambi—”

Mlango ukasukumwa. Mwalimu mkuu akaingia, miwani puani, na suruali moja ya sare, ya kijivu, kiuno kimekusanywa kwa pini, imekunjwa mkononi mwake.