Kikopo cha Arobaini na Moja

Pale kituo cha afya walimwita Bwana Mayai, ingawa maishani mwake hakufuga hata kuku mmoja. Mayai yake yalikuwa ya minyoo. Kwa miaka ishirini na sita aliyahesabu kwa hadubini kutoka katika choo cha watoto wa mitaa yote, na kila nyumba iliyokutwa na minyoo aliichomekea pini nyekundu kwenye ramani ukutani. "Siri zenu nazijua zote," aliwatania wauguzi, "na hakuna hata moja inayonukia."

Siri yake mwenyewe hakuifanyia utani. Binti yake wa pekee alipoolewa na fundi wa gereji, yeye aligoma kwenda harusini, tena akatamka maneno ambayo baba hapaswi kuyatamka. Binti akamjibu, "Kwangu usikanyage." Maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka wa tano huo. Mjukuu alizaliwa, akaota meno, akatembea, na babu akawa anasikia kwa watu tu. Alimtamani mtoto yule mpaka mikono ikamuuma kwa kukosa wa kumbeba.

Asubuhi moja Mama Vikopo, mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba, akaleta sampuli za uchunguzi wa mwaka. Kwenye fomu ya kikopo cha arobaini na moja palikuwa na jina la mama wa mtoto. Bwana Mayai alilitambua kabla hajamaliza kulisoma, maana yeye ndiye aliyempa binti yake jina hilo.

Utaratibu aliujua. Nyumba safi hupelekewa karatasi ya majibu, basi. Nyumba yenye minyoo hutembelewa na mtu wa maabara mwenyewe, yaani yeye, apeleke dawa, akague choo na maji, na baada ya wiki tatu arudi tena.

Akachuja, akapaka kwenye kipande cha kioo, akainamia hadubini. Na hapo, Mungu amsamehe, akaomba minyoo. Yai moja tu, mjukuu wangu, moja tu babu aje. Akakipitia kioo mstari kwa mstari. Hakuna. Akatengeneza cha pili. Hakuna. Akatengeneza na cha tatu, ambacho hakuna aliyemwagiza. Patupu.

Kalamu ikasita. Akiandika moja, nani atajua? Dawa yenyewe haimdhuru mtoto. Kisha aibu ikamshika: amemtakia ugonjwa damu yake mwenyewe! Akaandika: Hakuna.

"Huyu mtoto," akamwuliza Mama Vikopo, "yukoje?"

"Mkaidi huyo! Kakataa kukaa kwenye poti mpaka baba yake kamchekesha. Kanenepa, kachangamka. Wanamtunza, mzee wangu, wanamtunza hasa. Kwani unawafahamu?"

Bwana Mayai akavitazama vile vioo. Siku ile ya ugomvi alisema mikono ya grisi haiwezi kulea mtoto akasalimika, na sasa vioo vitatu vilikuwa vimemsuta.

Akaichukua tena ile karatasi. Chini ya majibu akaandika maneno yasiyomo katika fomu yoyote: "Mkwe wangu amelea vizuri. Nilikosea. Naomba nije kumwona mjukuu wangu." Akamkabidhi Mama Vikopo, akamsihi aanze na nyumba hiyo.