Saa ya Nyuso Mbili na Ile Sare ya Kiprono

Siku ya kwanza kazini niliambiwa jambo moja tu: ukiitwa na Bwana Mkuu, yule Mzungu mwalimu mkuu, kimbia. Ilikuwa miaka ya hamsini, katika shule moja karibu na Nakuru, nami karani wa stoo ya michezo. Nilijaza mipira upepo, nikashona nyavu, na siku za mashindano ya sataranji nikapanga mbao na kutia saa ufunguo.

Nyinyi wa saa za betri hamuijui saa ile. Ni sanduku moja lenye nyuso mbili, kila mchezaji na wake. Ukishasogeza kete unabonyeza kitufe, saa yako inasimama, ya mwenzako inaanza kutembea. Muda ukikuishia, umeshindwa. Kila uso una ufunguo wake, na hapo ndipo nilipoharibu.

Asubuhi ya fainali nilikuwa nimetia upande mmoja nikasikia, "Karani! Chai!" Nikakimbia. Niliporudi nikadhani nimemaliza pande zote mbili. Uchovu mbaya, jamani.

Walicheza Kiprono wetu, kijana wa Kabazi, na mgeni wa shule nyingine. Mshindi angepelekwa Nairobi kupambana na shule kubwa. Wakitoka sare, haendi mtu. Kiprono alikuwa mbele kwa kete mbili. Mgeni akainamia ubao, akafikiri, akafikiri. Nikatupia jicho saa yake. Mshale haukuwa umesogea hata kidogo!

Wiki iliyotangulia Bwana Mkuu alimfukuza mpishi mbele ya wanafunzi wote kwa kuvunja birika, nami mke wangu alikuwa na mtoto mchanga. Nikajifanya sijaona.

Kiprono alipobakiwa na dakika moja aliinua macho, akanitazama, kisha akamnyooshea mgeni mkono.

"Sare," akasema. Mgeni akaudaka upesi.

Bwana Mkuu akanijia na Kiswahili chake: "Wewe natia funguo saa yote?"

"Ndio, bwana."

Nilitumikia wakuu wanne pale, nikastaafu bila doa kwenye faili. Faili haijui kitu. Uongo ule nilitembea nao mpaka ukanichosha kuliko kazi yenyewe.

Miaka mingi baadaye nikamkuta Kiprono sokoni Dundori, mvi kichwani, anapanga viazi. Nikamwambia yote, aibu imenijaa.

"Mzee, niliona mapema mshale hautembei," akasema. "Ningesema, ungefuata njia ya mpishi."

"Na Nairobi je?"

Akapangusa udongo kwenye kiazi, akakiweka juu ya vingine.

"Nilikuja kufika," akasema. "Na lori la viazi."